Daftari la Mkopo

Daraja la Tiau lina hatua tisini na moja.
Nilizihesabu nikiwa binti, nikazihesabu na mimba,
nikazihesabu na gunia la tangawizi mgongoni:
kwenda tisini na moja, kurudi vivyo hivyo.
Katikati palikuwa pa kutulia mzigo,
uvute pumzi, uteme popoo mtoni, uendelee.
Hapo ndipo palipoitwa mpaka.

Duka langu la mabati lina mlango mmoja,
nao unatazama Burma.
Kaka yangu Lianzama aliuelekeza huko makusudi.
"Mteja hapewi kisogo," alisema.
Sasa asubuhi nafungua, nauza kiberiti
kwa watu wanaotazama moshi.

Hili hapa daftari. Jalada limeliwa na mvua.
Pu Van Ceu, mbolea, magunia mawili,
atalipa baada ya mavuno.
Mavuno hayajafika.
Kilichovunwa ni kijiji.

Ngun Tial, mshonaji: nyuzi kumi, sindano, chumvi.
Alivuka Machi, usiku, maji yakiwa magotini,
cherehani kichwani, mtoto kifuani,
na kabla hajaomba hata maji ya kunywa
akaniuliza, "Dada, nadaiwa ngapi?"
Niliogopa swali lile kuliko mizinga.

Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema waliotutangulia.
Nilidhani ni maneno ya kumtania mdeni.
Mwaka huu nimelipwa matanga matatu,
na kote nilikwenda na mchele wangu mwenyewe.

Nikiri jambo. Wiki ile ya kwanza, watu walipojaa kando ya mto
kama kumbikumbi walionyeshewa,
niliuza maturubai kwa bei mara mbili.
Wa sita kununua alikuwa Ngun Tial.
Hakuomba nipunguze. Alihesabu noti za kyati zilizolowa,
akazinyoosha moja moja juu ya meza yangu.
Nilimrudishia? Sikumrudishia.
Nilimtilia pakiti ya chumvi,
nikaiita nyongeza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Tuliwapa. Majembe arobaini
yameegemea ukuta wa shule, mpini kwa mpini,
na watoto huyagonga kwa kijiti wakipita, yalie.
Ardhi ya kuyashushia hatuna;
mteremko huu wa mawe haukututosha hata sisi
tulipokuwa wachache na tukilalamika.

Kitunguu cha thelathini sasa ni tisini.
Popoo hazivuki. Ng'ombe hawavuki.
Vijana waliobeba mizigo darajani
hushinda wamechuchumaa, mikanda ya kubebea mapajani,
wakibishana kuhusu mpira wa nchi ambazo hawatazifika.
Anayenilipa kwa wakati ni mmoja tu,
askari wa kizuizi, mtoto wa tambarare za mbali,
sigara mbili kutwa.
Mshahara wake wa kulifunga daraja
ndio unaoliacha duka wazi.
Ananiita mama. Naitika.

Usiku ndege ikipita upande ule
mabati hunena, vikombe hutetemeka rafuni,
nami hujikuta nimelishika daftari kabla ya Biblia.

Juzi Lianzama alikuja na msumeno.
Anataka tukate mlango mwingine, ukutani nyuma,
uelekee barabara ya Champhai, kwenye malori, kwenye watu wenye fedha.
Amekwisha upima kwa chaki. Ana haki, nami nimemwambia hivyo.
Nikamwambia pia asubiri Alhamisi.
Alhamisi imepita mara mbili.

Nimenunua daftari jipya. Nanakili.
Amelichungulia begani kwangu, akaguna:
"Rothuami, hawa wamekufa. Wengine hujui waliko.
Futa, upumue."
Nikifuta deni, nitamwandika wapi Van Ceu?
Hakuna aliyemwandika kwingine.
"Unapoteza wino," akasema.
Wino ni rupia ishirini, nikamjibu.
Nimeutia kwenye hesabu.